ThinkPad X230: diski mpya haiingii, na ya zamani inanguruma kwenye rekodi zangu

SautiYaKadutu (Bukavu)

Jambo wote. Ninaandika kutoka Kadutu. Nitaeleza kwa urefu kidogo, maana kila nikieleza kwa ufupi naambiwa ninunue mashini mpya, na mwaka huu siwezi.

Mashini yangu ni ThinkPad X230 ya mtumba, RAM GB 4, na ndani kuna diski ya GB 320 iliyoandikwa 7200 rpm. Kazi yangu ni kurekodi. Jumapili ninarekodi korali ya parokia yetu. Siku nyingine nawatembelea wamama wazee, hapa Kadutu na kule Bagira, wananiimbia nyimbo za Mashi, lugha ya Bashi wa huku, walizokuwa wakiimba shambani, wakibembeleza watoto, wakimsindikiza bibi harusi. Nina mikro moja ya XLR (waya wa plagi ya pini tatu), kadi ya sauti ya nje, na hiyo mashini. Wengi wao wanakaa chumba kimoja, kwa hiyo mashini na mikro vinakaa meza moja, hatua moja tu kutoka kwa mama anayeimba.

Kuna mngurumo. Ukiwa chumbani huusikii, na mvua ikipiga mabati ndiyo kabisa. Lakini usiku, watu wamelala, nikivaa hedifoni ninausikia chini ya kila kitu: mmmmm, haupandi, haushuki, haukatiki. Mwezi wa tatu nilimrekodi nyanya wa jirani yangu, dakika 40. Tulikubaliana nirudi baada ya Pasaka tumalizie nyimbo za kuvuna mtama. Pasaka haikumkuta. Zile dakika 40 zote zina mngurumo, na unasikika vibaya zaidi pale anapovuta pumzi kabla ya ubeti, kwa sababu hapo hakuna kinachoufunika. Siwezi kumrudia. Ninachoweza ni kuhakikisha haitokei kwa mwingine.

Jambo la pili, GB 320 zimejaa. Nikanunua diski mpya ya TB 1 hapa mjini. Muuzaji akasema inchi 2.5 ni inchi 2.5, zote zinaingia. Nimefungua ile skrubu moja ya chini, nimeondoa kifuniko cha pembeni, nimevuta ya zamani kwa ulimi wake wa plastiki, nimesukuma mpya: inagota mlangoni. Urefu sawa, upana sawa, soketi sawa. Nimezilaza mezani zikiwa bega kwa bega, mpya imeizidi ya zamani kama unene wa njiti ya kibiriti. Muuzaji hairudishi, anasema mfuko umeshafunguliwa.

Naomba msaada wenu. Kuna namna ya kuiingiza bila kuharibu? Mngurumo ni wa diski au wa feni? Na kabla sijatoa dola nyingine, ni diski gani itaingia humu na itanyamaza?

Mugunga_Net (Goma)

Weka SSD, diski ya chipu, yaya. Haina kinachozunguka ndani, haina sauti. Na hakikisha ni ya SATA, soketi kama ya diski yako.

SautiYaKadutu

Aksanti ndugu. Nimeifikiria. Ila nimesikia SSD inakufa ghafla bila dalili, na kwamba ukiiacha kabatini muda mrefu bila umeme inaanza kusahau ilichobeba. Nyimbo hizi hazina nakala nyingine popote. Naogopa kuziweka mahali zitakapopotea nami sijui.

FundiWaKatuba (Lubumbashi)

Mama, jambo. Natengeneza laptopu hapa Katuba, na X230 nimeshazifungua nyingi sana. Nisome taratibu.

Kwanza, hiyo diski mpya usiisukume tena. Diski za inchi 2.5 zinafanana uso, zinaachana kwenye unene. Kuna za milimita 12.5, kuna za 9.5 ambazo ndizo zilizokuwa kwenye laptopu nyingi kwa miaka, na kuna za 7. X220 na X230 nafasi yake ni ya 7. Yako mpya ni 9.5, ndiyo hiyo njiti ya kibiriti unayoiona. Hakuna dawa ya hapo. Mtu akikwambia atakwangua plastiki ya mlango au atafungua kifuniko cha diski apunguze unene, chukua mzigo wako uondoke. Ndani ya diski ya sahani, yaani inayozunguka kama yako, kile kichwa kinachosoma kinaelea juu ya sahani kwenye nafasi ambayo hata chembe ya vumbi usiyoiona kwa macho haipiti. Ikifunguliwa mezani kwa fundi, basi, haitadumu.

Lakini pesa yako haijapotea. Ile diski nunulia kasha la USB la inchi 2.5. Uliza kasha linalopokea milimita 9.5, maana kuna mengine membamba ya 7 tu, usije ukagota mara ya pili. Itakuwa ghala lako la nje.

Soketi isikutie wasiwasi. Yako ni SATA, na SATA za vizazi vyote vitatu zinaelewana: diski ya gigabiti 6 kwenye mashini ya gigabiti 3 itafanya kazi, itakwenda tu kwa mwendo wa mdogo wao.

Sasa mngurumo. Hapa nakuomba usinunue kitu kabla hujaupima, kwa sababu kipimo ni bure na unacho tayari. Diski yako inazunguka mara 7200 kwa dakika. Gawa kwa 60, ni mara 120 kwa sekunde. Kwa hiyo ikitetemesha meza, itaitetemesha kwa hezi 120. Ingekuwa ya 5400 ingekuwa hezi 90. Umeme wetu huku Kongo ni wa hezi 50, na mngurumo wa chaja unajitokeza kwenye 50 au 100. Feni yenyewe mara nyingi haina mstari mmoja mwembamba uliotulia, inapuliza shhh pana, na ikibadilisha mwendo sauti inahama. Wewe umesema haupandi wala haushuki. Mimi tayari nimeshaanza kumshuku mtu.

Rekodi chumba kitupu, nusu dakika, chaja imechomolewa. Fungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua sekunde 20, iambie ichore grafu ya masafa, chagua ukubwa mkubwa wa dirisha ili mistari itengane. Soma kilele cha chini kiko wapi. Halafu zima, chomoa diski, washa mashini kwa Linux (mfumo wa kompyuta, kama Windows) iliyo kwenye flashi, rekodi tena chumba kilekile ukihifadhi kwenye flashi nyingine. Linganisha.

Na kitu kingine, tazama mbavu za diski ya zamani. Kuna mipira miwili myeusi, mmoja kila upande. Kazi yake ni kuishika diski isicheze na kuuzuia mtetemo usiingie kwenye mwili wa mashini. Mashini za mtumba zinakuja mara nyingi bila hiyo mipira, mtu alitoa diski akaiuza na mipira yake. Yako ipo?

Kuhusu SSD nitakujibu ukileta vipimo.

PapaBagira (Bukavu)

Binti yangu, kabla ya yote hayo: si uirefushe waya ya mikro? XLR inabeba sauti mita 10, 15, bila shida. Mashini ikae nje ya mlango na mtu mmoja wa kuilinda. Sisi redioni zamani mashine zilikuwa zinanguruma kuliko hizo na watu walisikika safi, kwa sababu zilikuwa chumba kingine.

Na kama ni diski, kuna TB 1 za sahani zenye unene wa milimita 7, za mwendo wa 5400. Ni tulivu kuliko za 7200 na bei yake ni nafuu kuliko SSD. Kurekodi sauti hakuhitaji mbio.

SautiYaKadutu

Papa, shikamoo. Waya nitanunua, hilo ni neno. Ila nikiwa kwa wamama mlango ukifunguliwa kuna watoto, kuna kuku, kuna redio ya jirani. Na mashini nje ya mlango huku kwetu, mwenyewe unajua.

Fundi, mipira haipo hata mmoja. Diski inagusa chuma pande zote. Nilikuwa sijui kwamba kuna kitu kinakosekana.

Vipimo nimefanya jana saa nne usiku, mvua ilikuwa imekatika. Diski ikiwa ndani, chaja imechomolewa: kilele kimoja kirefu kama mnara, 120. Kingine kifupi, 240. Diski ikiwa nje, mashini inatembea kwa flashi: mnara hakuna. Umelala kabisa, imebaki ile shhh ya feni. Nimerudia mara tatu kwa sababu sikuamini kwamba kitu kilichonisumbua tangu mwaka jana kina namba.

Halafu nikajaribu jambo ambalo hakuna aliyenishauri. Nikairudisha diski, nikakunja kikwembe mara nne, nikakiweka chini ya mashini, na mikro nikaihamishia kwenye kiti, isiguse meza. Mnara umeshuka zaidi ya nusu. Kwa hiyo sehemu kubwa haikuwa inapita hewani, ilikuwa inapita kwenye mbao za meza na kupanda mguu wa mikro.

Ila sasa mngurumo ukiwa umepungua nasikia kingine. Tik. Kimya. Tik. Kila baada ya sekunde kumi hivi, hasa nikiwa sigusi kitu. Ni nini?

FundiWaKatuba

Umefanya kazi nzuri kuliko mafundi wengi wanaobadilisha vitu kwa kubahatisha. Hiyo ya kikwembe iendeleze siku zote, hata ukiwa na mashini isiyo na sauti, maana meza inabeba na vidole vyako pia.

Papa Bagira kasema kweli kwamba sauti haihitaji mbio. Stereo ya 48 kHz, biti 24, inakula chini ya MB 0.3 kwa sekunde, yaani karibu GB 1 kwa saa. Hata diski ya zamani kabisa inaweza. Lakini kuhusu zile TB 1 nyembamba za milimita 7, naomba kutofautiana naye kwa heshima.

Ili kuingiza TB 1 kwenye unene ule, watengenezaji wengi wanaandika mistari ikilaliana, kama mabati ya paa. Bati la juu linafunika ukingo wa la chini. Kuongeza mabati mapya mwishoni ni rahisi. Lakini ukitaka kubadilisha bati moja la katikati, lazima uinue yanayolilalia na kuyapanga upya. Diski hiyo inapokea maandishi mapya kwenye kona yake ya muda, kisha inakuja kuyapanga vizuri baadaye, saa ambayo mashini imetulia. Umeelewa inakwenda wapi? Saa ambayo umeacha kugusa kila kitu, mama amefunga macho anaanza kuimba, ndiyo saa diski inaona nafasi ya kupanga mabati yake. Itakwaruza. Kwa ghala la nje hakuna neno, kwa mashini ya kurekodia sikushauri.

Tik hiyo nataka namba kabla ya kusema. Endesha smartctl -a, amri inayosoma afya ya diski, kwenye hiyo diski ukiwa Linux, au kama uko Windows tumia CrystalDiskInfo. Niletee mistari ya 5, 193, 197 na 198.

Mugunga_Net

Tik ya kila sekunde chache mara nyingi ni kichwa kinaegeshwa. Diski ya laptopu ikiona hakuna kazi inakiondoa kichwa juu ya sahani ili kusave betri na kukilinda ukiibeba. Kwenye Linux amri ya hdparm -B 254 inaipunguza au kuikomesha, ila ukizima na kuwasha inasahau, lazima uandike kwenye hdparm.conf. Na ukishaizuia, usiibebe mashini ikiwa inawaka, hasa juu ya pikipiki za kwetu na barabara hizi.

Nina swali pia kwa fundi. Huku Goma kuna mtu aliniambia diski za sahani hazidumu Kivu kwa sababu ya mwinuko, hewa ni nyepesi. Kweli?

SautiYaKadutu

Hizi hapa: 5 ni 0. 193 ni 418,000 na kitu. 197 ni 16. 198 ni 16.

FundiWaKatuba

Mama, acha kurekodi kwenye hiyo diski. Leo.

Ile 193 ni idadi ya mara kichwa kimeegeshwa. Nyingi za aina hii zinahesabiwa hadi 600,000, kwa hiyo Mugunga ana haki, tik ni ya kuegesha, na diski imeshazeeka. Hilo peke yake lisingenitisha. Kinachonitisha ni 197. Hizo 16 ni sehemu ambazo diski imejaribu kuzisoma ikashindwa, na inasubiri kuona itazifanya nini. 5 ikiwa 0 maana yake bado haijazihamisha. Kunaweza kuwa na wimbo umekaa juu ya sehemu hizo.

Usijaribu kunakili diski nzima kwa mkupuo. Programu nyingi zikifika penye sehemu mbovu zinasimama, au zinaichosha diski hapohapo kwa kurudiarudia. Leta lile kasha la USB, weka ile TB 1 yako, ichomeke kwenye tundu la bluu la upande wa kushoto ambalo ni USB 3, na unakili faili kwa mkono. Wa kwanza kabisa awe yule nyanya. Halafu wamama wengine. Korali ije baadaye, korali ipo hai, itaimba tena. Mfumo wa kompyuta usiuguse, utawekwa upya. Faili itakayokataa, iruke, endelea, mwisho turudi kwake na ddrescue, ambayo inachukua kwanza yote yanayosomeka na kurudi kwenye ugumu baadaye.

Mugunga, jibu lako kwa haraka. Kichwa kinaelea kwa hewa, hiyo ni kweli, na ndiyo maana diski zina kikomo cha mwinuko. Lakini kikomo kinachoandikwa kwa nyingi ni karibu mita 3,000. Goma na Bukavu ziko karibu 1,500, sisi Lubumbashi kama 1,200. Usiiwashe juu ya Nyiragongo, kule ni 3,470, wala kileleni Kahuzi, 3,308. Mjini haina shida.

SautiYaKadutu

Nimeanza saa moja jioni. Umeme ulikatika mara mbili, betri imeshikilia. Nyanya amehama wa kwanza, dakika zake 40 zote, nimezisikiliza mwanzo hadi mwisho kutoka kwenye diski mpya kabla ya kugusa faili nyingine. Imetimia.

Hadi saa nane usiku nimehamisha yote isipokuwa faili nne. Tatu ddrescue imezitoa asubuhi. Moja imekataa: mazoezi ya korali ya Jumamosi moja. Nimesamehe.

Sasa naomba jibu la SSD. Bado naogopa.

FundiWaKatuba

Uoga wako una msingi, sitakudanganya. SSD inaweza kufa bila kutangulia kunguruma. Na hilo la kusahau lipo: kiwango kinachofuatwa kwa SSD za watu wa kawaida ni kwamba, ikiwa imeshaandikwa hadi mwisho wa uwezo wake, ihifadhi data mwaka 1 bila umeme kwenye joto la nyuzi 30. Ikiwa mpya inakaa zaidi. Kwa hiyo SSD haifai kuwa sanduku la kabatini. Lakini wewe hutaiweka kabatini. Utaiwasha kila juma, itakuwa meza yako ya kazi, si ghala. Ghala ni ile ya sahani kwenye kasha, na hiyo unaichomoa ukimaliza. Na ukipata pesa, nyingine ya pili ikae nyumba nyingine kabisa, kwa dada au kwa paroko. Diski yoyote inakufa. Wimbo unakufa ukiwa kwenye diski moja.

Ya kununua: SSD ya SATA inchi 2.5, unene 7, karibu zote ziko hivyo. GB 480 au 500 inakutosha. Ndani ya boksi unaweza kukuta fremu nyembamba ya plastiki yenye gundi. Hiyo ni ya kuinenepesha ifike 9.5 kwa mashini nyingine. Wewe usiibandike. Tafuta ile mipira miwili, ni vitu vya bei ndogo, muulize fundi mwenye X220 au X230 mbovu. SSD haitetemeki, lakini bila mipira itacheza ndani na soketi itachoka.

X230 ina pia nafasi ndogo ya mSATA, SSD ya umbo la kadi, ndani chini ya sehemu ya kuwekea viganja. Ni kadi ya milimita 30 kwa 50 hivi. Usikubali kupewa M.2, aina nyingine ya kadi, hiyo ni nyembamba, milimita 22, haiingii, na muuzaji wa "zote zinaingia" yupo kila mji.

Mugunga_Net

Naongeza kwa uchungu. Niliwahi kuuziwa SSD ya TB 2 kwa bei nzuri mno. Ilikuwa nyepesi kama ganda la yai. Ilikubali faili zote, ikaonyesha majina yake yote, na nilipozifungua hazikuwa na kitu ndani. Kulikuwa na kumbukumbu ndogo iliyofundishwa kusema uongo juu ya ukubwa wake. Picha za harusi ya mdogo wangu zilikuwa humo. Yaya, kabla hujaiamini hata na wimbo mmoja, ijaze yote kwa f3write kisha f3read. Windows kuna H2testw. Inachukua saa kadhaa. Ikipita, ndipo uimalizie pesa ya muuzaji kama mnaaminiana.

SautiYaKadutu

Nimechelewa kurudi, nilikuwa nasubiri mipira. Imetoka kwa fundi mmoja wa Nyawera, aliitoa kwenye X220 iliyoungua. Imeingia sawasawa.

SSD ni ya GB 480. Nimeijaza na f3 usiku kucha, imepita bila kosa. Ile fremu ya plastiki ilikuwemo kweli ndani ya boksi, na nakiri bila fundi ningeibandika, maana inaonekana kama kitu cha lazima. Imeteleza ndani kwa kidole kimoja. Skrubu moja. Mfumo nimeuweka upya, mashini inawaka kabla sijamaliza kuvuta kiti.

Jana nilirekodi chumba kitupu, chaja nje, kikwembe chini, mikro kwenye kiti. Kwenye 120 hakuna kitu. Feni imebaki, nimeifungua nikatoa vumbi lililoshikana kama pamba, ikapungua. Sasa kinachosikika ni maji yanayodondoka kutoka kwenye mfereji wa paa la jirani. Nilikuwa sijawahi kuyasikia kwenye hedifoni.

Fundi, kuhusu zile dakika 40 za nyanya. Kwa kuwa sasa najua mngurumo uko 120 na 240, naweza kuutoa?

FundiWaKatuba

Unaweza, na bahati iko upande wako. Audacity ina kichujio chembamba kinachotoboa sehemu moja tu. Weka 120, kiwe chembamba sana, kisha 240. Kwenye 120 fanya bila hofu, sauti ya mwanamke anayeimba haishuki hadi hapo mara kwa mara. Kwenye 240 kuwa mpole, hapo yeye mwenyewe yupo. Jaribu kwanza 120 peke yake, pengine itatosha. Fanya kwenye nakala, ya asili usiiguse kamwe.

Korali ni habari nyingine. 120 iko ubavuni mwa noti ya "si" ya chini, ambayo ni 123, na besi wanaiimba. Ukitoboa hapo utawatoboa na wao. Rekodi za zamani za korali ziache kama zilivyo.

SautiYaKadutu

Nimefanya. 120 peke yake, 240 sikuigusa.

Nimempelekea mjukuu wake kwenye simu, tukasikiliza wawili. Kwenye wimbo wa tatu, kabla ya ubeti wa mwisho, kuna pumzi, halafu anasema maneno mawili kwa sauti ya chini sana ambayo siku zote nilidhani ni meza. Ni jina la mjukuu. Alikuwa anamwambia asogee.

PapaBagira

Binti, hiyo mipira ya fundi wa Nyawera, imebaki mingine? Nina X230 hapa nyumbani, nimekwenda kutazama sasa hivi, na yangu pia haina.

SautiYaKadutu

Alikuwa na jozi mbili, Papa. Nimempigia, anakuwekea hadi Jumamosi. Nenda na diski yako mkononi aijaribishe hapohapo.